Nani Aliyewachosha Walimu?

Limezuka neno, na neno lenyewe si zuri. Lasemwa katika mikutano ya Serikali, larudiwa na wakubwa wapitao na magari yao, na la kusikitisha zaidi ni kuwa siku hizi lasikika hata katika baraza zetu sisi wenyewe wanachama: ati walimu wa skuli za msingi ni wavivu, ati hula mshahara wa bure, ati hukaa chini ya mti wakizungumza ilhali watoto wamo darasani wakipiga kelele, na kwamba dawa yao ni kusimamiwa kwa ukali.

Sisi tusemao haya si walimu. Elimu yetu ni ya chuoni, na kazi yetu ni duka. Sisi ni katika watu wa visiwani waliovuka bahari kutafuta riziki, nasi tumeketi Kaloleni, mjini Arusha, chini ya mlima Meru. Mji huu ulihesabiwa watu zaidi ya laki sita katika sensa ya mwaka 2022, na Kaloleni ni mtaa wa ndani yake, wenye maduka, misikiti, mafundi cherehani na nyumba za vyumba vya kupanga. Katika vyumba hivyo wamo walimu, nasi twauziana nao kila siku. Kwa hivyo hatuandiki kwa kusikia. Twaandika kwa yale tuyaonayo, na twasema wazi kwamba neno hilo la uvivu ni uzushi. Walimu wamechoshwa, na aliyewachosha anajulikana.

Tuanze na daftari la mkopo, maana hilo ndilo tulijualo. Mwenye duka hahitaji kusoma taarifa ya wizara ili ajue hali ya watu. Mwalimu apokeapo mshahara hununua kama watu: mchele kilo tano, sukari kilo mbili, mafuta lita moja, sabuni mche mzima. Zikipita siku kumi, kilo huwa nusu. Zikipita siku kumi nyengine, nusu huwa robo, na mafuta hupimwa kwa kipimo kidogo kile tulichokiweka kwa ajili ya vibarua. Kisha mwalimu haji tena. Huja mtoto, na mkononi ana kikaratasi kilichoandikwa kwa hati nzuri kabisa, hati ya ubao: "Tafadhali mpe unga kilo moja na dagaa, nitapita." Mwalimu mwenyewe hupita njia ya nyuma kwa kuona haya. Mtu huyo ndiye aliyekuwa amesimama mbele ya watoto wetu asubuhi akiwafundisha hesabu, naye yake mwenyewe haitimii.

Watu huuliza, mbona mshahara wa Serikali si mdogo kama wa kibarua? Ni kweli, si mdogo kama wa kibarua. Lakini mshahara ulioandikwa katika karatasi ni mmoja, na ule ufikao mfukoni ni mwengine. Hukatwa kodi. Hukatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni na asilimia 3 ya bima ya afya. Hukatwa asilimia 2 ya Chama cha Walimu. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na hapo nyuma, kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016, ilikuwa asilimia 8. Kisha hukatwa mkopo wa benki alioukopa kwa ajili ya kiwanja, au ada ya mdogo wake, au maziko ya mzee wake. Kilichosalia hakitoshi mwezi, na hapo ndipo aingiapo yule mkopeshaji wa mtaani ambaye watu wamempa jina la kausha damu. Huyu hataki hati ya nyumba. Hutaka kadi ya benki na nambari ya siri. Siku ya mshahara, mkopeshaji ndiye aendaye mashineni kwanza, akachukua chake na faida yake, kisha humrudishia mwenyewe mabaki. Jambo hili si la siri katika mji wowote wa Bara. Twauliza: mtu ambaye mshahara wake hupokelewa na mwengine, ataingiaje darasani na moyo wake mkunjufu?

Basi mwalimu hujitafutia. Yuko anayekuja dukani kabla ya jua kutoka kununua unga wa ngano na mafuta, akapika maandazi, akayauza skulini wakati wa mapumziko. Yuko afugaye kuku, yuko aendeshaye bodaboda tangu alasiri hadi usiku wa manane, na wengi husomesha twisheni. Kwa kweli wengine wamekuwa washindani wetu katika biashara, wala hatuwalaumu, ingawa yule auzaye viberiti kwa bei chini ya yetu tungependa atwambie anakovinunua.

Hapa Kaloleni pana Makumbusho ya Azimio la Arusha. Kila apitaye njia huyaona. Azimio lenyewe lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967, na moja katika masharti yake makubwa lilikuwa kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili wala zaidi. Mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Miaka ikapita, na sharti lile la viongozi likaja kufunguliwa mwaka 1991, na kwa bahati mbaya likafunguliwa kwetu, Zanzibar. Tangu hapo kiongozi ana ruhusa ya mishahara miwili akitaka. Mwalimu naye analazimika kuwa na kazi tatu asipotaka, na hapana azimio lililomtazama.

Hayo ni ya tumbo. Lakini tusidhani kwamba tumbo ndilo jambo lote, kwa sababu tumeona maskini wenzake mwalimu wasiochoka namna achokavyo yeye. Mchuuzi wa ndizi atokaye mlimani na mkungu kichwani ni maskini kuliko mwalimu, naye hucheka. Machofu ya mwalimu ni ya namna nyengine, na wataalamu wameyaeleza. Mwaka 1974 daktari mmoja wa nafsi huko New York, Herbert Freudenberger, aliandika juu ya watu waliokuwa wakijitolea kutibu masikini bila ya malipo. Aliona kwamba baada ya muda watu hao walikauka: mwili umechoka, hasira ziko karibu, na wale waliokuja kuwasaidia wakawa wanawachukia. Na aliloliona la ajabu ni kuwa hao walioanguka walikuwa ndio wenye bidii na mapenzi ya kazi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likaliingiza jambo hili katika orodha yake ya maradhi, likieleza kwamba si ugonjwa kwa wenyewe, bali ni hali iletwayo na mashaka ya kazi yasiyopata dawa. Likataja dalili tatu: nguvu kumwishia mtu, moyo wake kujitenga na kazi hata akaidharau, na kujiona kuwa alifanyalo halifai kitu.

Wanachama wayatie akilini maneno haya, kwa sababu hapa ndipo uzushi wa uvivu unapovunjika. Mvivu hakuwa na moyo wa kazi tangu mwanzo, basi nini kitakachomwishia? Aliyechoshwa ni yule aliyekuja na moyo.

Wenye kuwatukana walimu wana hoja yao moja yenye nguvu, nasi hatutaificha. Mwaka 2010 Benki ya Dunia na wenzake walipeleka watu kuzizuru skuli za msingi za Tanzania. Waliona kwamba mtoto ambaye ratiba yake yataka asomeshwe saa tano na zaidi kwa siku, husomeshwa kiasi cha saa mbili tu. Na kwamba walipoingia madarasani hawakuwaona walimu zaidi ya nusu yao. Waliporudi tena mwaka 2014, hali ilikuwa imetengenea kidogo, si sana. Basi hapo wakubwa hupiga meza: "Mnaona? Wavivu!"

Lakini soma vizuri, ewe mwanachama. Wale wale watafiti wa mwaka 2010 waliona kwamba wasiokuwapo skulini kabisa walikuwa kiasi cha robo. Waliobaki walikuwapo. Walikuwa ndani ya uwanja wa skuli, na darasani hawakuingia. Hebu fikiri juu ya mtu huyu. Ameamka alfajiri, na chini ya Meru katika mwezi wa Julai alfajiri ni baridi ya kutetemesha meno. Ametoa nauli mfukoni mwake. Amefika, ametia sahihi katika kitabu. Kisha amesimama mlangoni mwa darasa, miguu ikakataa. Mvivu gani agharimiaye uvivu wake kwa nauli? Mvivu hubaki kwao kitandani na kutuma habari kwamba anaumwa. Huyu aliyefika na asiingie ana ile dalili ya pili, moyo umejitenga na kazi, na watafiti wameihesabu wasiitambue.

Na darasani kuna nini hata miguu ikatae? Kuna watoto. Serikali yenyewe imeweka kwamba mwalimu mmoja asomeshe watoto 45. Kanuni hiyo ni nzuri. Tangu hapo zamani hapana kitu kilichoandikwa vizuri kikavunjwa vibaya kama kanuni hiyo, na kila ilipovunjwa ilivunjwa kwa jina la neema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwaita watoto wote skuli, na kwa kuwa walimu hawakuwapo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakasomeshwa njiani huku wakisomesha. Mwaka 2002 ada ilikuwa imefutwa na mpango wa MMEM ukaanza. Watoto wa skuli za msingi waliokuwa kiasi cha milioni 4 na laki 4 mwaka 2000 wakafika milioni 7 na nusu mwaka 2005. Mwaka 2016 Serikali ya Rais Magufuli ikafuta michango yote kwa Waraka Namba 5 wa mwaka 2015, na watoto waliokuwa milioni 8 na laki 3 mwaka 2015 wakapita milioni 10 kufikia mwaka 2018.

Hatusemi vibaya kuwa watoto wanasoma. Mwana wa maskini kupata kalamu ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Twasema kuwa katika mwaka huo huo wa 2016, mlango wa watoto ulipofunguliwa, mlango wa walimu ulifungwa: ajira za Serikali zilisimamishwa kwa ajili ya kuwatafuta watumishi hewa, na baadaye kuhakiki vyeti. Mtu akiwaalika wageni mara mbili ya sahani zake, kisha akamfukuza mpishi ili achunguze kama ni mpishi wa kweli, kosa la wali mbichi ni la nani?

Sisi tulisomeshwa Kurani na maalim mmoja aliyekuwa akimsikiliza kila mtoto peke yake. Ukikosea harufu moja, alikusimamisha papo hapo. Wakubwa waliwasikiliza wadogo, na maalim akawasikiliza wakubwa. Kusomesha ni kusikiliza. Asiyesikilizwa hasomi, hukaririshwa upepo. Sasa tupige hesabu, na hesabu hii hata mtoto wa dukani aijua. Darasa lina watoto 90. Kulisahihisha daftari moja kwa dakika mbili tu ni dakika 180, nazo ni saa tatu. Hilo ni somo moja, kwa siku moja, kwa darasa moja. Akiwa na masomo mawili ni saa sita, baada ya kusomesha, kabla ya kupika, na bodaboda inamngoja. Basi hufanya nini? Huandika alama ya vyema bila ya kutazama. Mara ya kwanza moyo humsuta. Mara ya mia haumsuti tena. Hapo ndipo tunapompoteza mwalimu, na hapana afisa anayeandika tarehe ya msiba huo.

Na vifaa? Ruzuku iliyowekwa kwa kila mtoto wa skuli ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 6,000 ndizo zipelekwazo skulini, zilizobaki hukaa juu kwa ajili ya vitabu. Mwaka wa skuli una siku 194. Gawa 6,000 kwa 194: hupati shilingi 31 kwa mtoto kwa siku. Kwa fedha hiyo hapa dukani kwetu hatuna cha kukuuzia, hata pipi moja. Kwa fedha hiyo inunuliwe chaki, inunuliwe karatasi za mitihani, itengenezwe dawati, ilipwe na mengineyo. Mzazi akiombwa mchango husema, "Rais alisema bure," na mwalimu mkuu akiomba huambiwa amekiuka waraka. Huyo mwalimu mkuu hupewa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwalimu wa kawaida hupewa kazi ya kuwaeleza wazazi.

Tuje kwenye heshima, maana mtu aweza kuvumilia njaa lakini dharau humla ndani. Februari 2009, katika wilaya ya Bukoba, mkuu wa wilaya Albert Mnali aliwaamuru polisi wawacharaze bakora walimu 19 wa skuli za msingi, ati kwa kuchelewa kazini na kwa matokeo mabaya ya mitihani. Walimu watu wazima, baba na mama wa watu, wakachapwa! Rais Kikwete alimfukuza kazi mkuu huyo, na alifanya vizuri. Lakini jiulizeni: mbona haikumjia fikra ya kumpiga bakora daktari ambaye wagonjwa wake wamekufa, au mhandisi ambaye barabara yake imechimbika kwa mvua ya kwanza? Ilimjia juu ya mwalimu kwa sababu neno lile la uvivu lilikuwa limekwisha mtengenezea njia. Mwenye kutukana leo kibarazani ndiye amkatiaye fimbo mwenye kupiga kesho.

Walimu walipotaka kusema wenyewe, waligoma tarehe 30 Julai 2012. Walitaka mshahara uongezwe kwa asilimia mia, na posho za kusomeshea, na posho kwa walioko pahala pagumu. Tarehe 2 Agosti mahakama ikasema mgomo si halali, na wakarudi darasani mikono mitupu. Mwezi wa Machi 2016 Paul Makonda akawatangazia walimu wa Dar es Salaam kwamba watapanda daladala bure. Wako waliofurahi. Sisi twaona ile ilikuwa sadaka, na sadaka hupewa asiyekuwa na haki ya kudai. Mtu mwenye kazi hulipwa nauli yake ndani ya mshahara wake, akapanda gari akakaa kitini, kondakta asimtazame kwa jicho la pembeni.

Kima cha chini cha mshahara wa Serikali kilikaa zaidi ya miaka mitano bila ya kuongezwa. Rais Samia alikipandisha mwaka 2022 kwa asilimia 23.3, na mwaka 2025 akatangaza kukipandisha tena kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hilo ni jema na tunalitaja kuwa ni jema. Gazeti lisilotaja jema la mpinzani wake haliaminiwi litajapo baya lake. Lakini nyongeza ya kima cha chini haikufika kwa kadiri hiyo kwa mwalimu wa miaka ishirini kazini. Yeye alikuwa akikitazama kitu chengine, kikokotoo cha pensheni. Mwaka 2018 aliambiwa kuwa fungu la mkupuo halitakuwa tena asilimia 50, litakuwa 25. Kelele zikapigwa, Rais Magufuli akalisimamisha mwezi wa Desemba. Mwaka 2022 ikaja 33. Bajeti ya mwaka 2024 ikasema 40 kwa wale waliokuwa wa 50. Mtu anayekaribia uzee, na kila baada ya miaka miwili uzee wake wapigiwa mnada mbele yake, hawezi kulala vizuri, na asiyelala hasomeshi.

Juu ya hayo mwalimu ana mabwana watatu. Wizara ya Elimu yampa mitaala. TAMISEMI na halmashauri ndio wamwajirio. Tume ya Utumishi wa Walimu yashika nidhamu yake na kupanda kwake daraja. Mtaala ukibadilika humshukia yeye, na mwaka 2024 ulibadilika kwa darasa la kwanza na la tatu kwa pamoja, Kiingereza kikasomeshwa tangu darasa la kwanza. Walioanza la tatu mwaka ule wamewekewa kumaliza skuli ya msingi katika darasa la sita, mwaka 2027, pamoja na wale wa darasa la saba, mikupuo miwili kwa siku moja. Aliyepanga hivyo ana kalamu na meza. Atakayesimama mbele ya mikupuo hiyo miwili ana chaki.

Sasa matokeo. Kwa mtoto wa mwenye pesa hapana tokeo, kwa kuwa hayuko huko. Arusha ina skuli za kulipia za kila namna, na kila asubuhi mabasi yao ya manjano hupita kuwachukua watoto wa maofisa walewale waandikao nyaraka za skuli za bure. Mtoto wa Kaloleni hubaki na mwalimu aliyechoka, na mwalimu aliyechoka ana silaha moja isiyohitaji matayarisho, nayo ni fimbo. Kanuni ya mwaka 2002 yasema viboko visizidi vinne, na kwamba mpigaji ni mwalimu mkuu au yule aliyemwandikia ruhusa. Waulizeni watoto wenu kama ndivyo. Mwezi wa Agosti 2018, huko Bukoba, mtoto wa skuli ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata mahakama ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Hatusemi kwamba machofu ni udhuru, na hatumsafishi mtu kwa damu ya mtoto. Twasema kuwa Serikali iliyomfungia mwalimu na watoto 90 ndani ya chumba kimoja, kisha ikamwachia fimbo, isijifanye imeshangaa.

Na litazameni jambo hili jengine, maana linatosha peke yake kuwa hukumu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walifanyiwa usaili watu waliosomea ualimu ili kujaza nafasi zisizofika 15,000. Walioomba walipita laki mbili! Ndani ya skuli mwalimu mmoja anabeba mzigo wa wawili na watatu mpaka anaanguka. Nje ya ukuta wa skuli ileile amesimama mwalimu mwengine, cheti mkononi, hana kazi. Wengine wao wako hapa Kaloleni. Husukuma mikokoteni na kuuza vocha. Wakitaka mzigo, wananyimwa. Akiomba kupunguziwa yule wa ndani, anaitwa mvivu. Tangu tuanze kushika mizani hatujaona biashara ya ujinga kama hii, kuwa na bidhaa ghalani na mnunuzi mlangoni, kisha ukafunga duka kwa ajili ya kujenga duka la pili.

Naam, kujenga. Fedha za Uviko zilipokuja mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, Bara ilijengwa madarasa 15,000. Nasi kwetu visiwani tumeona skuli za ghorofa zikiinuka Unguja na Pemba, na wakubwa wakikata utepe. Majumba ni mazuri, hatuna chuki na saruji. Lakini ghorofa halisomeshi.

Hapa twawageukia nyinyi mlioko nyumbani, kwa sababu wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya Bara, na sisi tuna yetu. Elimu ya skuli za msingi si jambo la Muungano. Kwetu elimu ilitangazwa bure tarehe 23 Septemba 1964, kabla ya Bara. Kwa hivyo hapana wa kumsingizia Dodoma katika hili. Mwalimu wa Micheweni au wa Makunduchi akichoshwa, amechoshwa na Serikali ya Unguja. Watoto wetu wamesoma kwa mikondo miwili miaka na miaka, asubuhi kundi na mchana kundi, na hayo maghorofa yamejengwa kwa nia ya kuimaliza. Haya, mikondo ikimalizwa, na makundi mawili yakaingia asubuhi moja, nani atasimama mbele ya kundi la pili? Hilo ndilo swali la kuulizwa siku ya kukata utepe, na mpaka leo hatujamsikia msemaji wetu hata mmoja aliyeliuliza. Tunawasikia wakiahidi maghorofa makubwa zaidi.

Watu wa mlima huu wa Meru wana historia ambayo ingefaa tuisome. Mwaka 1951 Mwingereza aliwafukuza kutoka Engare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Hawakukaa kibarazani wakalaumiana. Walichanga fedha, wakaandika mashtaka yao, na mwaka 1952 Bwana Kirilo Japhet akasafiri mpaka New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza yaliyotendeka. Ardhi haikurudi siku ile. Lakini hapana aliyeweza tena kusema kwamba hakujua.

Basi twawataka wanachama wafanye hivi. Kwanza, msemaji wetu yeyote atakayepanda jukwaani akasema walimu ni wavivu, anyamazishwe na wenziwe, kwa adabu. Kisha kila tawi liwachague watu wawili, mmoja awe mzazi mwenye mtoto darasani, waende skuli ya jirani yao wakamwombe mwalimu mkuu ruhusa, wakahesabu: darasa hili lina watoto wangapi, na mwalimu wake ni nani wa masomo mangapi. Wasiandike majina ya walimu, wasije wakaponzwa. Waandike watoto, walimu na vyumba. Na watakapokuja waombaji kura, wa kwetu na wa kwao, waulizwe wataajiri walimu wangapi katika skuli ile na kwa fedha ipi, kabla ya kuulizwa juu ya ghorofa. Hesabu ziletwe kwa katibu wa tawi. Mhariri ametukubalia kuzichapa tawi baada ya tawi, skuli kwa jina lake, darasa kwa nambari yake, na tarehe ya kuhesabiwa.